Betri za Nyumba Zisipochaji: Namna ya Kutafuta Hitilafu Katika Gari la Kulala

Katika gari la kulala, yaani gari lililofungwa kitanda, jokofu, pampu ya maji na taa za ndani, betri hugawanyika katika makundi mawili yenye kazi tofauti. Betri ya injini hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kuzungusha starta, kisha hurudishiwa chaji na altaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, ndani ya muda mfupi. Betri za nyumba hutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, hushuka chini sana, na huhitaji saa nyingi ili zijae tena. Malalamiko ya wenye magari haya hufanana: gari limetembea mchana kutwa, jioni taa zinawaka vizuri, lakini kabla ya alfajiri jokofu limezima na pampu ya maji haisukumi tena.

Ushauri wa kwanza ambao mwenye gari hupewa ni kununua betri mpya, na ushauri huo ndio ninaoupinga katika mwongozo huu. Betri nyingi zinazotupwa hazikufa zenyewe. Ziliuawa na fyuzi iliyolegea, waya mwembamba, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoungua au chaja iliyopangwa vibaya, na betri mpya itakayofungwa kwenye njia hiyohiyo mbovu itakufa vilevile. Kazi ya mwenye gari ni kupima volti katika kila kituo, kuanzia umeme unakotoka hadi kwenye terminali ya betri, wakati chaji ikiwa inapita, mpaka apate mahali umeme unapopotelea. Utaratibu ni mmoja, iwe gari ni basi dogo la Coaster lililogeuzwa nyumba, Land Cruiser ya kubebea watalii kutoka Arusha yenye jokofu na soketi za kuchajia kamera, au gari la Ulaya lililojengwa juu ya Fiat Ducato.

Vifaa na tahadhari

Multimita ya kawaida inayopima volti za umeme wa betri hadi sehemu mbili za desimali inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Ukiweza kupata klampu mita inayopima ampea za umeme mnyoofu, yaani ule wa betri na si wa ukutani tu, utaokoa muda mwingi, kwa sababu itakuonyesha kiasi cha umeme kinachoingia bila kufungua waya wowote. Kwa betri za maji zenye vifuniko vya kufungua, haidromita ya bei nafuu, yaani kipimo cha uzito wa asidi, hueleza mambo ambayo multimita haiwezi kuyaona.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete, saa na mkufu. Betri ya volti 12 haitakurusha, lakini spana ikigusa terminali chanya na bodi ya gari kwa wakati mmoja itapitisha mamia ya ampea, itakuwa nyekundu kwa sekunde chache na itakuunguza hadi kwenye mfupa. Unapolazimika kufungua betri, anza na waya hasi, na unapoifunga urudishe waya hasi mwisho. Betri za risasi hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, nayo huweza kulipuka inapofikia asilimia 4 tu ya hewa, kwa hiyo fungua madirisha na sanduku la betri, na moto wa aina yoyote usisogezwe karibu. Vaa miwani ya kukinga macho, na uweke ndoo ya maji safi karibu nawe kabla ya kuanza.

Anza na betri ikiwa imetulia

Kipimo cha kwanza huchukuliwa injini ikiwa imezimwa, paneli za sola zimekatwa, chaja imechomolewa na vifaa vyote vya ndani vimezimwa, baada ya betri kutulia kwa saa tatu au nne. Subira hii ni ya lazima, kwa kuwa betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti za juujuu zinazodanganya kwa muda. Weka ncha za multimita kwenye terminali zenyewe za risasi, si kwenye vichwa vya waya vilivyozikumbatia. Betri ya risasi iliyojaa itasoma kati ya volti 12.6 na 12.8, na ya aina ya AGM, yaani ya risasi iliyozibwa ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, inaweza kusoma zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikisoma chini ya 11.8 imekwisha kabisa na inaendelea kuharibika kila saa inayokaa hivyo.

Kipimo hiki pekee hakikuambii hitilafu iko wapi, lakini kikirudiwa baada ya mchana mzima wa kuchaji, hugawanya tatizo katika sehemu tatu. Ikiwa volti hazikupanda, chaji haifiki kwenye betri. Ikiwa zilipanda vizuri jioni na kushuka usiku hata vifaa vikiwa vimezimwa, betri haishiki chaji, au kuna kifaa kinachonyonya umeme kwa siri. Ikiwa zilipanda, zikakaa, na kuisha pale tu vifaa vilipotumika, huenda hakuna kitu kilichoharibika hata kimoja.

Hali hii ya tatu huwapotezea watu fedha nyingi, kwa hiyo ifanyie hesabu mapema. Jokofu dogo la kompresa hutumia karibu wati 45 linapozunguka, sawa na ampea 4 hivi. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa si ajabu lizunguke nusu ya siku, na hapo litatumia ampea-saa 48 kwa siku moja. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, maana yake akiba yako halisi ni ampea-saa 50. Paneli moja ya wati 100, ikipata jua kamili la saa tano na ukitoa upotevu wa kawaida, itarudisha karibu ampea-saa 30. Kila siku unapungukiwa na 18, na siku ya tatu jokofu litazima huku kila waya ukiwa salama na kila fyuzi ikiwa nzima. Dawa yake ni kuongeza paneli au kupunguza matumizi.

Ukishuku kuna kifaa kinachonyonya umeme kwa siri, zima kila kitu kisha upime ampea kwenye waya hasi wa betri. Sehemu moja ya kumi ya ampea, au chini ya hapo, ni kawaida kwa gari lenye redio na kipimo cha kuonyesha chaji. Ukiona ampea 1 au zaidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, iliyosahauliwa ikiwa imewashwa bila kazi ndiyo mhalifu wa mara nyingi.

Njia ya altaneta

Washa injini na upime betri ya injini kwanza. Katika gari la volti 12 unatarajia kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma 12.4 na haipandi hata ukikanyaga mafuta kidogo, na gari si lile la Ulaya la miaka ya karibuni nitakalolieleza hapa chini, tatizo liko kwenye altaneta, mkanda wake au waya wake, na hakuna haja ya kuendelea nyuma kabla ya kulitatua hilo. Ikisoma vizuri, nenda ukapime betri za nyumba injini ikiendelea kuzunguka. Ndani ya dakika moja au mbili volti zake zinapaswa kuanza kupanda kuelekea zile za mbele. Zikibaki palepale zilipokuwa injini ikiwa imezimwa, njia imekatika mahali fulani kati ya betri hizi mbili.

Kabla ya kufungua kitu, hakikisha swichi kuu ya kukata betri za nyumba imewashwa. Magari mengi hupitisha chaji kwenye swichi hiyohiyo inayokata matumizi, na mtu aliyelaza gari kwa mwezi mmoja husahau kuwa aliizima. Kisha tafuta fyuzi kubwa mbili, moja karibu na betri ya injini na nyingine karibu na betri za nyumba, kwa kuwa waya unaounganisha betri mbili lazima ukingwe pande zote. Usitegemee macho kuamua kama fyuzi ni nzima. Pima volti upande mmoja wa fyuzi kwenda bodi, kisha upande wa pili. Namba hizo mbili zikitofautiana, umeme unapotea katikati.

Baada ya fyuzi inakuja rilei. Katika magari ya zamani rilei huwashwa na waya unaotoka kwenye altaneta au kwenye swichi ya ufunguo, na waya huo mwembamba ukikatika rilei haisogei kabisa. Katika mifumo mingi ya baadaye rilei hujiendesha yenyewe kwa kusoma volti: huunganisha njia betri ya injini inapofika karibu 13.3, na huikata inaposhuka karibu 12.8, ili jokofu lisije likaimaliza betri ya kuwashia gari. Utasikia mlio wa kubofya inapofanya kazi, lakini mlio huo si ushahidi kuwa umeme unapita. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana, na vikiungua hugusana bila kupitisha chochote cha maana. Weka ncha moja ya multimita kwenye skrubu ya kuingilia na nyingine kwenye skrubu ya kutokea wakati rilei imeunganisha njia na chaji inapita. Rilei nzima itasoma chini ya volti 0.1. Ikisoma nusu volti, ibadilishe.

Magari mawili yanahitaji kusemwa peke yake. La kwanza ni gari la Ulaya la miaka ya karibuni. Tangu kiwango cha Euro 6 cha kupunguza moshi wa magari kilipoanza kutumika mwaka 2014, magari mengi yamefungwa altaneta zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushusha volti hadi karibu 12.5 betri ya injini ikishajaa ili kuokoa mafuta, kisha huzipandisha ghafla hata kupita 15 dereva anapopunguza mwendo. Rilei inayosoma volti itakata njia kila volti zinaposhuka, na betri za nyumba hazitajaa hata gari likitembea siku nzima. Hakuna kilichovunjika katika gari hilo. Kinachohitajika ni chaja ya betri kwa betri, ambayo hupokea volti zozote zinazokuja kutoka mbele na kutoa zile ambazo betri za nyumba zinazihitaji. Chaja za namna hii huhitaji waya wa kuziamsha unaopata umeme pale injini inapowaka, kwa hiyo chaja iliyofungwa tayari ikiwa haifanyi kazi, waya huo mdogo ndio wa kupima kwanza.

Gari la pili ni basi dogo lililoletwa kutoka Japani. Coaster nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24, wakati vifaa vya nyumba karibu vyote ni vya volti 12. Wapo mafundi wanaochukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizofungwa kwa kufuatana, na matokeo yake betri moja hubaki na njaa huku nyingine ikijazwa kupita kiasi mpaka inachemka, na zote mbili hufa mapema. Ukikuta ufungaji huo, usihangaike kutafuta hitilafu nyingine. Ng'oa waya huo na uweke chaja inayoshusha volti 24 kuwa 12 ikitumia betri zote mbili kwa pamoja.

Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu hitilafu ya aina hii haikati umeme kabisa. Chaji inafika, taa ya kijani inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, lakini betri ya nyumba inapata 13.2 badala ya 14.2, na kwa volti hizo betri ya risasi haitajaa kamwe. Itaishi nusu njaa, chumvi ya salfeti itaganda kwenye sahani zake, na baada ya mwaka mmoja mwenye gari ataambiwa kuwa betri zile zilikuwa bandia.

Njia ya kuipata ni rahisi na haihitaji kukata waya. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani, washa jokofu, taa na feni ili umeme mwingi upite. Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye skrubu ya kutolea umeme ya altaneta, na ncha nyeusi kwenye terminali chanya ya betri ya nyumba. Utahitaji kurefusha waya mmoja wa multimita ili ufike, na uhakikishe hausogelei mkanda wala feni ya injini. Namba unayoisoma ni volti zinazopotea katika njia nzima ya upande chanya. Ikizidi 0.3, anza kurudi nyuma kuelekea altaneta, kiungo kimoja baada ya kingine, ukiihamisha ncha nyeusi.

Chukua mfano huu. Kwenye terminali ya betri unasoma 1.1. Kabla ya fyuzi ya nyuma, upande unaotoka kwenye betri, bado ni 1.1. Unavuka fyuzi, na upande wa pili unasoma 0.2. Fyuzi hiyo peke yake inakula volti 0.9, na zikipita ampea 25 ina maana wati 22 na nusu zinageuka kuwa joto ndani ya kishikio cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ukikigusa kitakuwa cha moto. Ukikifungua utaona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka skrubu moja, na chini ya kichwa cha waya kuna rangi ya bluu na nyeusi badala ya shaba inayong'aa. Nati ililegea siku fulani, labda kwenye ile barabara ya vumbi ya kwenda lango la Naabi la Serengeti ambako gari hutetemeka kwa saa nzima, na tangu siku hiyo kiungo kimekuwa kikijichoma polepole. Fyuzi yenyewe bado ni nzima, na fundi aliyeitazama kwa macho aliipita.

Rudia kipimo hicho upande hasi, ncha moja kwenye bodi ya altaneta na nyingine kwenye terminali hasi ya betri ya nyumba. Upande huu husahaulika, ingawa umeme unaokwenda lazima urudi. Waya wa ethi ukifungwa kwenye chesisi juu ya rangi, au kwenye boliti iliyoota kutu, utapoteza volti zilezile. Fungua boliti, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, funga tena kwa nguvu, kisha paka grisi kwa nje kuzuia unyevu. Kwa magari yanayokaa pwani kazi hii ni ya kila mwaka, kwa kuwa hewa ya chumvi haichoki.

Iwapo volti zinapungua kidogo kidogo katika urefu wote wa waya bila kiungo kimoja kuwa na lawama, basi waya ni mwembamba. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita 1 ya mraba. Betri za nyumba zikiwa mita 6 kutoka mbele, umeme husafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 10 za mraba na ampea 30, utapoteza volti 0.63. Kwa waya wa milimita 25 za mraba utapoteza 0.25 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama betri itajaa au itabaki nusu, na hakuna chaji ya saa za ziada inayoweza kuifidia. Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao huuzwa kwa bei ya chini na hupitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu ya unene uleule. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu, weupe wa ndani utauona.

Sola

Kwa paneli, pima mchana jua likiwa kali. Paneli ya kawaida ya volti 12, yenye seli 36, ikiwa haijaunganishwa na kitu itasoma karibu 21 au 22. Ikisoma hivyo na kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, haionyeshi umeme wowote unaoingia, hitilafu iko kwenye kontrola au kwenye waya kati ya vitu hivyo viwili. Ikisoma namba ndogo sana, kagua viunganishi vya juu ya paa, ambako maji hupenya na kuozesha shaba, na uangalie kivuli: tawi la mwembe linalofunika kona moja ya paneli hupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zote zimefungwa kwa kufuatana. Vumbi nalo lifutwe kwa maji na kitambaa laini.

Pima volti kwenye skrubu za betri za kontrola, kisha kwenye betri yenyewe. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, rudi kwenye yale tuliyoyasema kuhusu viungo na unene wa waya. Kontrola nyingi hujitambulia zenyewe kama mfumo ni wa volti 12 au 24 pale zinapounganishwa na betri, kwa hiyo betri iunganishwe kwanza na paneli baadaye, na wakati wa kufungua paneli ikatwe kwanza. Ukigeuza utaratibu huo, kontrola inaweza kukosea mfumo au kuharibika. Hakikisha pia kuwa aina ya betri iliyochaguliwa kwenye kontrola ndiyo uliyonayo.

Chaja ya umeme wa ukutani

Kwenye kambi yenye umeme wa volti 230, au nyumbani, chaja huchomekwa usiku kucha na ndiyo njia bora ya kuijaza betri kikamilifu, kwa sababu asilimia 20 za mwisho huingia polepole na huchukua saa nne au zaidi ambazo safari ya kawaida haizitoi. Chaja ikikataa kuanza, hakikisha kwanza umeme unafika kwenye soketi yake. Kisha pima betri. Chaja nyingi za kisasa hazimtambui mgonjwa aliye chini sana: betri ikiwa chini ya volti 10 hivi, huchukuliwa kuwa haipo. Kwa betri ya risasi, iunganishe sambamba na betri nyingine nzima ya volti 12 kwa nyaya za kuazimia chaji, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, washa chaja, subiri dakika chache volti zipande, kisha itoe ile ya kuazima. Usifanye hivyo kwa betri ya lithiamu bila maelekezo ya mtengenezaji wake.

Volti za kuchajia hutegemea joto. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nyuzi 25, na betri ya risasi inahitaji kupunguziwa karibu milivolti 24 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Betri iliyowekwa karibu na injini, penye nyuzi 40, ipate karibu 14.0 na si 14.4, la sivyo maji yake yatakauka. Chaja yenye waya wa kupimia joto hulifanya hilo yenyewe, mradi kipimo chake kimebandikwa kwenye betri na hakining'inii hewani.

Betri yenyewe

Baada ya kuridhika kwamba volti sahihi zinafika kwenye terminali, ndipo betri inapofaa kushukiwa. Betri ya risasi ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi. Seli moja ikishikana ndani, betri iliyochajiwa usiku kucha itatulia kwenye 10.5, na wakati wa kuchaji itapata joto kuliko wenzake. Betri hiyo iondolewe mara moja, kwa sababu ikiwa imefungwa sambamba na nyingine itainyonya ile nzima bila kukoma.

Kwa betri yenye vifuniko, haidromita ikisoma 1.265 hadi 1.280 katika kila seli, betri imejaa na ni nzima. Seli moja ikipishana na nyingine kwa 0.050 au zaidi, seli hiyo imeharibika. Zikiwa zote chini kwa usawa, karibu 1.190, betri ina nusu ya chaji tu na huenda bado inaokoleka kwa kuchajiwa polepole kwa muda mrefu. Maji yakipungua ongeza yaliyokenekwa tu, na kamwe usiongeze asidi, ijapokuwa dukani chupa hizo mbili husimama rafu moja na wauzaji wengine huziita zote maji ya betri. Asidi ya ziada hula sahani na kuifanya haidromita idanganye. Unga mweupe au wa kijani kwenye terminali usafishwe kwa maji ya vuguvugu yaliyoyeyushwa magadi ya kupikia, vifuniko vikiwa vimefungwa ili yasipenye ndani, kisha suuza na ukaushe.

Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma hupimwa kwa macho mengine. Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo volti pekee hazisemi mengi. Ukisoma sifuri au volti chache tu, huenda bodi ya kielektroniki ya ulinzi iliyo ndani imekata umeme, na betri yenyewe iko salama. Chaja inayokubali kuiamsha itairudisha. Bodi hiyo pia huzuia kuchaji chini ya nyuzi 0, jambo ambalo wenzetu wanaosafiri Ulaya au Kanada wakati wa baridi hukutana nalo asubuhi: betri inatoa umeme vizuri lakini haipokei, na ikipashwa joto inapokea.

Kipimo cha mwisho ni cha uwezo. Ijaze betri kabisa, iache itulie, kisha uiwekee mzigo wa ampea 5 kwa saa kumi ikiwa ni ya ampea-saa 100. Iache itulie tena na upime. Ikisoma 12.2 au karibu na hapo, uwezo wake upo. Ikifika 11.8 kabla hata ya saa kumi kwisha, imepoteza sehemu kubwa ya uwezo na wakati wake wa kubadilishwa umefika.

Betri ya zamani ipelekwe kwa mnunuzi anayezikusanya kwa ajili ya viwanda vyenye kibali, na isipasuliwe uani wala asidi yake isimwagwe mtaroni. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, walipata sumu ya risasi wao na watoto wao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ukiwa na betri mbili au zaidi zilizofungwa sambamba, zibadilishe zote kwa pamoja, za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Chukua waya chanya kutoka betri ya kwanza na waya hasi kutoka ya mwisho, ili umeme ugawanyike sawa kati yao. Rekebisha aina ya betri kwenye chaja na kwenye kontrola kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, na baada ya wiki moja ya safari kaza nati zote tena, kwa maana nati mpya hulegea katika siku zake za kwanza za mtetemo.